Shamba la Vitu Saba

Mahubiri kwa jamaa za wakulima, kabla ya msimu wa mvua

Masomo: Kumbukumbu la Torati 8:7-14, Isaya 28:23-29, Mezali 27:23-27



Mvua ya mwezi wa 9 iko karibu. Kabare, Walungu, Kalehe na kisiwani Idjwi, kila jamaa inanoa jembe na kutafuta mbegu. Neno la leo ni kwa ajili ya kazi hiyo. Pengine mmoja wenu atasema moyoni: Shemasi, tumekuja kanisani kusikia habari ya mbingu, sasa unatuletea habari ya maharagi na mbuzi. Ndugu yangu, fungua Kitabu pamoja nami. Utaona kwamba Musa naye, aliposimama mbele ya taifa la Mungu karibu na mto Yordani, alihubiri habari ya chakula.

1. Mungu alihesabu vitu saba

Soma Kumbukumbu 8:8. Musa anawaeleza Waisraeli nchi watakayoingia. Angeweza kusema tu kwamba ni nchi njema, akanyamaza. Lakini anahesabu, kitu kwa kitu: ngano, shayiri, mizabibu, mitini, mikomamanga, mizeituni ya mafuta, na asali. Hesabu kwa vidole vyako. Ni vitu saba.

Miaka 40 jangwani walikula mana. Mana ilikuwa chakula cha namna moja, na ilishuka bila jembe. Lakini soma Yoshua 5:12: walipokula mazao ya nchi ya Kanaani, mana ilikoma. Mungu hakuwaacha siku ile. Aliwabadilishia tu namna ya kuwalisha. Jangwani aliwalisha kwa muujiza wa kila asubuhi. Kanaani aliwalisha kwa mikono yao wenyewe, kwa udongo na mvua yake. Na alipowapa nchi, hakuwapa mmea mmoja wa kutegemea. Aliwapa saba.

Sababu gani saba? Tazama wakati wa kila kimoja. Katika nchi ile shayiri huvunwa kwanza, karibu na Pasaka. Ngano hufuata, karibu na Pentekoste. Zabibu na tini huiva wakati wa joto. Zeituni huvunwa mwishoni, karibu na mvua kurudi. Hivi mwezi mmoja unashikana mkono na mwezi mwingine, na chungu cha mama hakikai kitupu. Mvua ikikosa ngano, pengine itakuta mizeituni ingali inasimama. Nzige wakila majani ya shamba, asali ingali mwambani. Hiyo ni hekima ya Mungu Baba, naye aliiweka katika ardhi kabla ya mtu yeyote kuiweka katika vitabu vya kilimo.

2. Jamaa yenye mguu mmoja

Sasa tutazame kwetu. Mababu zetu wa milima hii walijenga nyumba katikati ya migomba. Mgomba ni mmea wa baraka. Unashika udongo mlimani, unatoa kivuli, unatoa ndizi kila mwezi wa mwaka. Lakini polepole jamaa nyingi zimefanya mgomba kuwa mguu wao wa pekee. Ndizi ni chakula, ndizi ni chumvi na sabuni, ndizi ni feza ya masomo ya watoto. Na tuseme wazi mbele ya Mungu: kwa wengi ndizi hizo ni za kasiksi. Kanisa letu linakataza pombe. Mwamini hainywi, lakini anaikamua na kumwuzia jirani, na siku ya pili analeta sadaka kutoka feza ile ile. Ndugu, jambo hilo kila mtu alipime mbele ya Bwana.

Kisha ugonjwa ukaja. Mwaka wa 2001 ule mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, katika Kivu ya Kaskazini. Miaka iliyofuata ukatembea mpaka kwetu Kusini. Mnajua alama zake. Majani yanageuka ya manjano na kunyauka. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, nyingine bado, na ukizipasua ndani zimekuwa rangi ya kahawia. Ukikata shina, maji kama usaha wa manjano yanatoka. Mgomba uliougua haurudi tena, wala hakuna dawa ya kuuponya. Jamaa iliyokuwa na migomba peke yake iliamka siku moja ikiwa haina chakula, haina chumvi, haina feza ya masomo, vyote kwa mara moja. Mtu mwenye mguu mmoja ukivunjika, analala chini.

Msiseme ni mgomba peke yake. Mihogo nayo ilipata mozaiki: majani yanajikunja, yanakuwa na mabaka ya manjano, na mizizi inabaki myembamba kama vidole. Tena iko azabu nyingine ya mihogo ambayo inagusa mwili wa mtu. Katika nchi yetu ya Kongo, hasa upande wa Kwango, watu wanaijua kwa jina la konzo. Jamaa inakula mihogo michungu peke yake, na kwa sababu ya njaa au haraka ya soko haiiloweki siku za kutosha. Hakuna maharagi, hakuna samaki, hakuna nyama. Siku moja mtoto au mama anaamka na miguu imekakamaa, naye hatatembea tena kama zamani. Hata Kivu ya Kusini ugonjwa huo umeonekana. Sumu ya muhogo mchungu inaondoka kwa kuloweka siku 3 na kukausha vizuri juani. Lakini mwili unahitaji pia maharagi, karanga, mayai au samaki ili ushinde mabaki yake.

Na bwaki? Nani hapa hajaona mtoto wa bwaki, miguu imevimba, nywele zimegeuka nyekundu, hacheki wala hachezi? Huko Lwiro watoto wa namna hiyo wametibiwa kwa miaka mingi. Mara nyingi mtoto wa bwaki si mtoto ambaye hakula kitu. Ni mtoto aliyekula bugali kila siku, na karibu na bugali hapakuwa na kitu cha kujenga mwili. Tumbo lilijaa, mwili ukakosa. Ndiyo sababu nawaambia, habari ya maharagi ni habari ya uzima wa watoto ambao Bwana aliwakumbatia na kuwabariki.

3. Je, Sheria inakataza kuchanganya mbegu?

Liko swali ambalo ndugu wengine wanauliza, na ni swali la haki. Wanasema: Katika Walawi 19:19, na tena Kumbukumbu 22:9, Mungu aliwakataza Waisraeli kupanda mbegu za namna mbili katika shamba moja. Basi kupanda mahindi na maharagi pamoja si zambi?

Ndugu, soma mstari wote wa Walawi. Pale pale anakataza pia nguo iliyofumwa kwa nyuzi za namna mbili. Ni nani kati yetu amechunguza shati lake asubuhi ya leo kabla ya kuja kanisani? Sheria zile zilikuwa alama kwa Israeli, za kuwafundisha kwamba wametengwa na mataifa mengine. Sisi tumetengwa kwa damu ya Kristo.

Kisha usome Isaya 28, kutoka mstari wa 23 mpaka wa 29. Nabii anatuonyesha mkulima. Mkulima huyu halimi tu bila kupumzika, siku zote jembe na udongo. Akisha kusawazisha ardhi, anatawanya mbegu za viungo, anapanda ngano kwa mistari, anaweka shayiri mahali palipopangwa, na kando ya shamba anaweka nafaka nyingine tena. Namna nyingi, na kila namna mahali pake. Hata wakati wa kupura, hazipigi zote kwa fimbo moja: mbegu ndogo kwa kijiti, ngano kwa njia nyingine. Na nabii anasema nani alimfundisha? Mungu mwenyewe. Hekima ya kugawa shamba inatoka kwa Bwana wa majeshi.

Basi Mungu hapendi fujo, lakini anapenda wingi wenye utaratibu. Shamba ambalo kila kitu kimetupwa popote si shamba la Isaya. Shamba lenye mmea mmoja peke yake nalo si shamba la Isaya.

4. Vitu saba vya lupango letu

Hatuna mizeituni wala mikomamanga. Lakini Mungu aliyehesabu kwa Israeli hakutusahau sisi watu wa milima. Nami nitahesabu saba, kwa jamaa hata yenye ardhi ndogo.

Cha kwanza, migomba. Usiing'oe yote kwa hofu. Ikae karibu na nyumba, michache na safi, na zaidi iwe ya kupika na ya kula mbivu. Nitarudia habari ya ugonjwa wake.

Cha pili, maharagi na mahindi. Msimu wa kwanza, kutoka mwezi wa 9 mpaka mwezi wa 1, na msimu wa pili, kutoka mwezi wa 2 mpaka mwezi wa 6. Maharagi yanakuwa tayari kwa muda wa miezi 3 hivi. Yale yanayopanda juu ya vijiti yanakawia kidogo, lakini yanatoa mengi mahali padogo. Tena mizizi ya maharagi inaacha nguvu katika udongo, na mahindi yanayofuata yanafaidika. Mwenye sehemu bondeni anaweza kulima tena wakati wa kiangazi.

Cha tatu, mizizi: mihogo, viazi vitamu na majimbi. Hii ni ghala iliyo chini ya udongo. Mihogo inangoja mwaka na zaidi bila kuoza, viazi vitamu vinakuja katika miezi 4 au 5. Chagua vijiti vya mihogo kwa mti ambao majani yake ni mazima. Kijiti kigonjwa kinazaa mti mgonjwa. Agronomu wa eneo lenu anajua aina zinazovumilia mozaiki, kama ile inayoitwa Sawasawa, na kituo cha INERA Mulungu kiko hapa kwetu Kabare. Kwenda kumwuliza mtaalamu si kukosa imani. Luka alikuwa mganga, naye alitembea na Paulo.

Cha nne, mboga za karibu na jiko: lengalenga, sombe, majani ya viazi, majani ya maboga, vitunguu. Lengalenga iko tayari katika wiki chache tu. Bustani ndogo inayomwagiwa maji ya kuoshea vyombo inaweza kumwokoa mtoto na bwaki, ikiwa pamoja na maharagi na tone la mafuta ya mawese.

Cha tano, miti. Avoka moja, paipai mbili, mapera kwenye ukingo. Mti wa avoka unapandwa na baba, unaliwa na wajukuu. Na juu ya mteremko weka mistari ya majani marefu, kama tripsakumu au setaria, kukata mlima kwa upana. Yanazuia udongo usishuke mtoni, na yanakuwa chakula cha mbuzi. Mvua ikibeba udongo wako, imebeba urithi wa watoto wako.

Cha sita, wanyama wadogo. Katika Mezali 27, mstari wa 23 na kuendelea, Sulemani anamwambia mtu ajue vizuri hali ya kundi lake, kwa maana mali haidumu milele. Na anaonyesha kwamba wanakondoo watavika jamaa nguo, mbuzi watatoa bei ya shamba, na maziwa yatalisha nyumba. Ninyi mnakumbuka miaka ya vita, kutoka 1996 na kuendelea. Ng'ombe walichukuliwa, mlima baada ya mlima. Mtu aliyekuwa tajiri jioni alikuwa maskini asubuhi. Jamaa nyingi zilibaki na nini? Simbiliki chini ya jiko. Mnyama mdogo, ambaye wengine walimcheka, alibebwa katika kikapu wakati wa kukimbia. Anakula majani na maganda, anabeba mimba kama miezi 2, anazaa watoto 2 mpaka 4. Kwa yeye mtoto anapata nyama bila baba kwenda sokoni. Fuga simbiliki, fuga kuku na bata, na Mungu akikujalia, mbuzi 2 au 3. Kuku wachanjwe. Ule ugonjwa unaomaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache, ambao waveterineri wanauita Newcastle, una chanjo, na bei ya chanjo ni ndogo kuliko bei ya kuku mmoja. Nguruwe sisi hatumli, hivi simhesabu.

Cha saba, kitu ambacho wengi hawakihesabu: mbolea. Samadi ya mbuzi, ya kuku na ya simbiliki, maganda ya ndizi, majani ya maharagi baada ya kupura, majivu kidogo. Chimba shimo, lifunike ili mvua isioshe nguvu yake, geuza kila baada ya wiki chache. Hiki cha saba ndicho kinachofunga vile sita kuwa kitu kimoja. Shamba linamlisha mbuzi, mbuzi analisha shamba. Jamaa inayotupa samadi barabarani inafanana na mtu anayepokea feza kwa mkono wa kuume na kuitupa kwa mkono wa kushoto. Mungu alimfanya mtu kutoka udongo, na aliposema mavumbi yatarudi mavumbini, alituonyesha pia kwamba mbele yake hakuna kitu kinachooza bure.

Msiogope hesabu hii. Siwaambii mwanze vyote saba mwezi wa 9. Mwenye viwili, mwaka huu aongeze kimoja. Mwaka ujao kingine. Na wewe baba, usimwachie mama kazi zote saba huku umekaa chini ya mti ukisema wewe ndiye kichwa cha nyumba. Katika Mwanzo 2:15 Mungu alimweka Adamu katika bustani alime na kuitunza, kabla Eva hajaumbwa. Jembe lilikuwa la mwanaume kwanza.

5. Usimshitaki jirani yako

Hapa nisikieni vizuri, maana hapa roho za watu zimo hatarini. Migomba inapooza shamba moja na kuacha lingine, maneno yanaanza. Sababu gani kwangu imeoza na kwa yule mama mjane bado inasimama? Amefanya nini usiku? Kisha mtu anakwenda kutafuta mtu wa kumwonyesha mchawi, na mjane anafukuzwa, au anapigwa. Wapendwa, jambo hilo ni zambi kubwa mbele ya Mungu. Amri inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Na katika kanisa letu, roho ya unabii imetolewa kuwajenga watu na kuwafariji, kama Paulo anavyofundisha katika 1 Wakorinto 14:3. Haikutolewa ili kuwapa watu jina la adui wa kumchukia.

Ugonjwa ule una njia, na njia zake zinajulikana. Wadudu wanaotembelea ua la mwisho wa mkungu wanaubeba kutoka mti mpaka mti. Panga lililokata mgomba mgonjwa linaupeleka kwa mgomba mzima. Mche uliochukuliwa kwa shamba gonjwa unakuja nao. Mbuzi anayezunguka na kutafuna migomba migonjwa anaweza kuueneza. Yule mama mjane pengine panga lake halizunguki, na miche hakununua popote. Hiyo ndiyo siri yake.

Basi fanyeni hivi. Mkungu ukisha kutoa ndizi zote, vunja lile ua la chini kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa panga. Panga likigusa mgomba, lipitishe motoni mpaka lipate joto kali, au lioshe kwa jiki, kabla ya kugusa mgomba mwingine. Shina lililougua likate chini kabisa, liache lioze mahali pake, usilivute kupita katikati ya migomba mizima. Tembelea shamba tena na tena, ukiona shina lingine gonjwa fanya vile vile. Usipande mche ambao hujui mama yake. Mbuzi wafungwe zizini na waletewe majani. Tena jirani wote wafanye pamoja, maana nyuki na wadudu hawajui mpaka wa lupango.

Mtu ataniuliza: Na maombi? Omba! Omba kabla ya kupanda, omba wakati wa magugu, omba wakati wa kuvuna. Lete mbegu zako mbele ya Bwana zibarikiwe. Lakini baada ya kusema Amina, safisha panga lako. Naamani aliponywa kwa neno la nabii, hata hivyo ilimpasa ashuke mtoni mara saba. Kama angebaki juu ya farasi wake akisema anaamini, angerudi kwao na ukoma wake.

6. Mwenye viwili ampe asiye na kitu

Sheria ya Musa ilimkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembe za mwisho. Mabaki yalikuwa ya maskini na ya mgeni. Soma Walawi 19:9-10. Rutu aliishi kwa sheria hiyo, na katika ukoo wake alizaliwa Daudi, na baadaye Mwokozi wetu. Angalieni vizuri: masazo ya pembeni ya shamba yalibeba ukoo wa Masiya.

Katika makanisa yetu wako wajane, wako watu waliokimbia vita, wako vijana wanaooa bila hata kuku mmoja. Kanisa lifanye mnyororo. Jamaa moja inapewa mbuzi jike. Akizaa mtoto jike, mtoto huyo akiacha maziwa anapelekwa kwa jamaa ya pili. Ya pili inampa ya tatu. Na simbiliki ni rahisi zaidi: jozi moja leo, na katika muda mfupi jozi nyingine kwa jirani. Vijiti vya mihogo mizima, mbegu ya lengalenga, mche wa avoka, vitu hivi havina bei kubwa, lakini vinaweza kusimamisha nyumba. Wamama wa kila kanisa la mahali waandike katika daftari nani amepewa, nani anafuata. Na mwenye kupewa asiuze mnyama wa mnyororo kwa siri, maana anamnyang'anya ndugu ambaye bado anangoja.

7. Tusimsahau aliyetoa

Wapendwa, sitaki mtoke hapa mkiwaza kwamba vitu saba ndivyo wokovu. Musa mwenyewe, akisha kuhesabu saba, mara moja anaonya. Soma Kumbukumbu 8, kutoka mstari wa 10 mpaka wa 14. Mtakapokula na kushiba, mumbariki Mungu. Jihazarini, nyumba zikiwa nzuri na makundi yakiongezeka, moyo usiinuke mkamsahau aliyewatoa utumwani. Mtu anaweza kuwa na mguu mmoja akauabudu. Mwingine anaweza kuwa na miguu saba akaiabudu yote.

Nabii Habakuki, katika sura ya 3, mstari wa 17 na wa 18, naye anahesabu: mtini, mzabibu, mzeituni, mashamba, kondoo, ng'ombe. Vyote sita vinakosa. Na bado anasema atafurahi katika Mungu wa wokovu wake. Sisi wa nchi hii tunamwelewa Habakuki. Tumeona miaka ambayo vyote vilikosa, na Mungu alibaki. Hatupandi vitu vingi kwa sababu hatumwamini. Tunapanda vitu vingi kwa sababu yeye ndiye aliyevifanya vingi, tangu siku ya tatu ya uumbaji, kila mmea kwa namna yake, na akaona ni vema.

Basi, jamaa ya Mungu, kabla mvua haijaanza, baba na mama na watoto wakae pamoja jioni moja. Wahesabu kwa vidole: tuna vitu vingapi? Kipi kinakosa? Nani atakitunza? Kisha wapige magoti, waombe, na asubuhi washike jembe.

Tuombe. Mungu Baba, muumba wa mbingu na nchi, uliwahesabia watoto wako vitu saba katika nchi uliyowapa. Bariki udongo wa milima yetu, bariki mbegu na miche, bariki mbuzi, kuku na simbiliki katika nyumba za watu wako. Ondoa bwaki kwa watoto wetu. Ondoa mashaka kati ya jirani na jirani. Utupe mikono ya kufanya kazi na moyo wa kugawa, na siku ya mavuno utupe ulimi wa kukushukuru. Kwa jina la Mwana wako Yesu Kristo na nguvu ya Roho Mtakatifu. Amina.